Osu, Yaani Mtumwa

Kwenye jengo letu pale Dixon, Toronto, hakuna aliyemwita kwa jina. Wasomali walimwita Mwalimu, sisi Watanzania wawili watatu tulimwita Mwalimu, na hata yule Mjamaika aliyekuwa akipiga deki korido alisema "Mwalimu" huku akiuvuta ule u wa mwisho kama anaimba. Nami sitamtaja jina hapa. Sitataja ghorofa aliyokaa, wala mji wa kusini mwa Tanzania alikofundisha ujanani. Niliwahi kuvitaja vyote hivyo, na ndiyo sababu nimekaa kuandika leo.

Alikuwa Mwigbo wa Nigeria, na mlango wake ulitazamana na wangu. Siku niliyohamia alinikuta nahangaika na godoro mlangoni, nalisema vibaya kwa Kiswahili kana kwamba lina masikio. Akasimama. Akanielekeza, kwa Kiswahili cha taratibu kilichokaa miaka mingi bila kutumika, kwamba godoro huingizwa kwa ubavu. Nikajikuta nimemwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa raha ya mtu aliyeisubiri salamu hiyo tangu aondoke kusini kule. Nilipomwambia natoka Tanzania, aliliachia godoro likaniegemea, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nyinyi mlitutambua," akasema.

Sikuelewa. Ilibidi anieleze, tumekaa juu ya godoro lile lile, kwamba Waigbo walipojitenga na Nigeria na kuiita nchi yao Biafra, na vita vikawala na njaa ikawala, Tanzania ilikuwa moja ya nchi chache sana zilizosema hadharani kwamba inawatambua. Mimi wakati huo nilikuwa sijazaliwa. Kwake haikuwa hoja; ilikuwa kama nimeitia saini ile karatasi kwa mkono wangu. Tangu siku hiyo aliniita Tanzania. "Tanzania, umekula?" "Tanzania, mbona umepotea?" Na mimi, jamani, nilizoea kupendwa kwa wema nisioufanya.

Kalamu yake nyekundu ilikaa mfuko wa shati siku zote, na wakati wa baridi ilimbidi afungue makoti mawili kuifikia. Aliyasahihisha matangazo yote ya kwenye lifti: nukta, herufi kubwa, kitenzi kilichokosa mwenyewe. Tangazo likizidi makosa hakulisahihisha. Aliandika chini yake neno moja la Kiswahili, "Rudia," kwa mwandiko wa kuegemea kulia, kama walivyoandika walimu wenzake kule kusini. Ofisi ya jengo haikujua Kiswahili, lakini mara nyingi wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa upya, limenyooka kidogo. Nilimwambia ni bahati tu. Akaniambia niache wivu.

Somo lake lilikuwa fasihi. Ndipo tulipopatana, maana mchana mimi ni mkalimani wa hospitali, na nikirudi nyumbani natafsiri vitabu. Mchapishaji mmoja wa Dar alikuwa amenipa riwaya ya Kiingereza inayosimulia maisha ya Waigbo, niilete kwa Kiswahili. Nilipomwonyesha Mwalimu aliipima uzito kwa kiganja, akafungua katikati, akacheka peke yake.

Alikuwa na ugomvi wa miaka na vitabu vya aina hiyo. Alilalamika kwamba ndani yake Mwigbo hawezi kupita kurasa tatu bila kula kiazi kikuu, kucheza kinyago au kuoa mke wa pili, na kwamba hakuna anayeomba chumvi mezani bila kutanguliza msemo wa mababu. "Mimi nikitaka chumvi nasema leta chumvi," aliniambia. Alisema waandishi wa kwao waliwaandikia wageni, wakapanga mila mstari mmoja kama vyombo vya harusi, kila kimoja na maelezo yake. Halafu ukimtajia kitabu chochote kati ya hivyo anavyovisema, alikuwa anakikariri. Sura nzima. Machozi yakimlengalenga, na akikosea neno anarudi mwanzo wa aya.

Na hayo aliyoyacheka vitabuni aliyafanya nyumbani. Kila Jumamosi asubuhi nilipobisha hodi alikuwa ameshatoa kola. Kwa asiyeijua, kola ni mbegu chungu inayopewa mgeni kabla ya neno lolote, na Waigbo huiombea kabla ya kuipasua. Hakukubali kola yoyote tu. Ile inayopasuka vipande viwili alisema ni ya kutafuna kwenye televisheni. Ya kuombea ilikuwa ile ya kwao, yenye vipande vitatu, vinne, wakati mwingine vitano, na ikitoka vinne uso ulimfunguka siku nzima. Aliiombea kwa Kiigbo peke yake. Nilimwomba aombe kwa Kiswahili ili nifuate, akakataa. Kwa Kiingereza ndiyo kabisa, akanitazama kama nimemwomba avue shati. Kazi yangu ilikuwa kuitikia "Ise", amina yao, kila alipotua, nami niliitikia bila kujua nimekubali nini. Kisha alidondosha matone ya pombe kali kwa ajili ya wazee waliotangulia, ndani ya sinki la jikoni, kwa sababu kibarazani yalimdondokea mama wa chini kwenye nguo zake. Jumapili yake utamkuta kanisani, mstari wa pili, anakinga mikono apokee komunyo. Nilipomtania kuhusu hilo alisema Mungu hajawahi kulalamika. Aliyelalamika ni mama wa chini.

Nilimuuliza kama ni kweli, kama vitabu vinavyosema, kwamba mwanamke hapasui kola. Akasema ni kweli, wala hakuomba radhi. Ila aliniachia kuiosha na kuhesabu vipande. Na kitu kimoja alikirudia mara nyingi, akinipa kipande changu: watu waliokula kola pamoja hawadhuriani. Nilikiandika pembeni ya tafsiri yangu. Nilikuwa mtu wa kuandika kila kitu, mimi.

Jambo moja lilinishangaza. Siku moja alinichukua kwenye sherehe ya Waigbo wenzake, ukumbi umejaa, wanaume wamevaa kofia nyekundu. Nilitarajia nimwone Mwalimu akiwa mbele, mzee kama yule. Alikaa meza ya nyuma karibu na makoti. Sahani ya kola ilipozunguka na kumfikia, aliipokea na kuipitisha haraka, kama kitu cha moto. Akaja kijana mmoja kumwomba awaombee, kwa kuwa ndiye mkubwa kwa umri. Akasema koo linamwuma. Kwenye gari nilimtania kwamba koo hilo lilikuwa zima wakati wa wali. Badala ya kunijibu akaanza kusahihisha mabango ya barabarani.

Jibu nililipata baada ya miezi, na nililipata kwa sababu ya neno.

Katika ile riwaya kulikuwa na mtu anayeitwa osu. Kwa ufupi, ni mtu ambaye babu yake au bibi yake wa zamani alitolewa kwa mungu wa kijiji, akawa mali ya mungu yule, yeye na kizazi chake. Watu huru hawaoani naye. Haombei wengine kola. Nikataka Kiswahili chake. Nilianza na "mtumwa". Mwalimu akakataa. Akaniambia mtumwa kwao ana neno lake lingine. Mtumwa ana bwana, na bwana anaweza kufa, kuchoka, au kulipwa akamwachia. Osu hana wa kumwachia. Nikaleta "mtengwa", akasema huyo kakosa adabu kidogo, atasamehewa. Nikaleta "wakfu", na hapo alilizungusha mdomoni, akalipenda. Halafu akasema wakfu watu wanauheshimu, hawaukimbii. Tulibishana Jumamosi tatu. Ya tatu nilichoka, nikamwambia, Mwalimu, kwani neno hili lina nini na wewe?

Aliichukua kola iliyokuwa mezani, bado nzima.

"Nimekuombea kola hii miaka yote kwa sababu wewe ni mgeni," akasema. "Kwenye ukumbi ule siruhusiwi. Mimi ni osu, Tanzania."

Alinihadithia. Mama yake aliyeteka maji upande wake wa mto. Shule alikokaa dawati la peke yake mpaka padri alipoingilia. Alisema sheria ilishaifuta mila hiyo zamani, na kanisa limeihubiria, na wanaume wenye shahada tatu bado hupiga simu kijijini kuuliza kabla mtoto wao hajaoa. Toronto hii walioijua habari yake walikuwa mwanawe wa kiume na yeye. Mjukuu wake wa kike hakujua. Akaniambia nikifika kwenye neno lile niliache lilivyo, msomaji wangu si mtoto mchanga, atalielewa kwa yanayompata mtu. Nikakubali. Kisha akapasua kola. Ilitoka vinne, na mara hiyo uso haukumfunguka.

Tafsiri niliimaliza vizuri, nasema bila aibu. Osu niliiacha osu, kila mahali. Tatizo ni dibaji. Mhariri wa Dar alitaka dibaji ya mtafsiri, yenye kitu cha kumgusa msomaji, na akataka maneno magumu yafafanuliwe. Kitu cha kumgusa msomaji nilikuwa nacho, kipo mlango wa mkabala. Niliandika siku moja tu, nikiwa na furaha ya ajabu, kila sentensi ikija yenyewe. Niliandika juu ya mzee wa Kiigbo, mwalimu, jirani yangu wa Dixon. Nikataja ghorofa. Nikataja mji aliofundisha. Nikaweka mama yake na ule mto, na dawati la peke yake. Na nikaandika kwamba mzee huyu ni wa ukoo wa osu. Kwamba yeye mwenyewe ni osu, yaani mtumwa, na bado ni mtu huru kuliko wote ninaowajua. Niliona nimempamba.

Jina sikuliandika, na hilo lilinitosha kujiona mwaminifu. Ruhusa sikuomba, nilitaka iwe zawadi. Halafu kulikuwa na jambo jingine, nitalisema kama lilivyokuwa kichwani mwangu: nilidhani Kiswahili ni kabati na ufunguo ninao mimi. Sisi wa lugha hii tulioko ugenini tuna kosa hilo. Tunamsema mtu ndani ya basi akiwa mbele yetu. Watoto wetu wanatujibu kwa Kiingereza, basi tunaona hakuna anayesikia.

Uzinduzi tuliufanya kwenye ukumbi mdogo karibu na nyumbani. Mwalimu alikaa mstari wa mbele, suti ya kijivu, kalamu mfukoni. Niliisoma dibaji kwa sauti, yote. Nilipofika kwake nilimtazama nikitabasamu. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo kama asikilizavyo mwanafunzi anayesoma insha. Nilipomaliza alipiga makofi. Tukirudi aliniambia nimesoma vizuri, nilikohoa mara moja tu. Jumamosi iliyofuata hakutoa kola. Alisema dukani zimekwisha, na mimi nilimwamini, kwa sababu ilinifaa kumwamini.

Pale ukumbini nilimwekea sahihi dada mmoja Mkenya wa Pickering. Alifurahi kweli, maana aliolewa na Mwigbo, na shemeji yake, mdogo wa mume, alikuwa anataka kumchumbia msichana mmoja. Msichana huyo alikuwa mjukuu wa Mwalimu. Sikulijua hilo, naapa. Waigbo wana desturi ya kuchunguzana kabla ya posa kupelekwa, kila upande unauliza habari za mwenzake. Katika riwaya ni sura nzuri yenye wazee na pombe ya mnazi. Kwao ilifanyika kwa simu, na kwa chakula cha Jumapili, ambapo yule dada, kwa nia njema kabisa, alisema babu wa bibi harusi ameandikwa kitabuni, amemtambua kwa ghorofa na mji. Wakamwomba awasomee. Akasoma akitafsiri, neno kwa neno, na alipofika pale hakuelewa kwa nini mama mkwe ameweka kijiko chini. Aliyenieleza haya ni yeye, kwenye simu, analia, akiuliza amekosea wapi.

Posa haikuja. Hakuna aliyegombana. Kijana alimsikiliza mama yake.

Watu wawili watatu wameniambia wangejua tu, wangepiga simu kijijini. Inawezekana. Lakini hawakujua kwa simu ya kijijini. Walijua kwangu.

Na hata hilo silo linalonikosesha usingizi zaidi. Wiki zile nilikutana na mwanawe Mwalimu kwenye lifti. Alikuwa mtu mpole, mhasibu wa ofisi moja huko mjini. Aliniambia binti yake amemkasirikia babu, hasemi naye, kwa sababu mzee ameiambia familia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba niandike, ili vijana wajue, na kwamba kila neno alilichagua yeye. Akaniuliza kama ndivyo. Aliuliza kwa upole, macho yake kwenye namba zinazowaka juu ya mlango. Nikaelewa Mwalimu alichokifanya. Nilikuwa nimekula kola yake, basi hakunichongea kwa watu wake. Mimi niliyeila ile ile nilitakiwa kusema neno moja, hapana.

Nikasema, "Ndiyo."

Baada ya hapo nilipunguza kubisha hodi. Alikuwa bado ananifungulia, bado ananiita Tanzania, na hilo ndilo nililoshindwa kulivumilia. Nikahamia Markham, nikasema ni kazi. Kazi yangu ilikuwa bado hospitali ile ile, sasa naiendea saa nzima kwa gari.

Ilipita miaka minne. Nikasikia kwa Wasomali wa jengo kwamba Mwalimu amepelekwa nyumba ya kutunzia wazee. Nilinunua kola, nikaenda Jumamosi asubuhi, saa zetu. Alikuwa amepungua, shati limekuwa kubwa, lakini kalamu ilikuwa mfukoni. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba yake. Nikampa kola kwa mikono miwili, akaibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, ikaachana vipande viwili.

"Ya televisheni," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Miaka yote uliyoosha kola, Tanzania."

Nami nilicheka, nikaanza kulia. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi. Alinipungia mkono kama anafukuza nzi, akasema hilo limeshapita, tutafune. Ndipo mjukuu wake akaingia, amebeba mfuko wa machungwa. Nilikuwa sijamwona tangu mambo yale. Mwalimu aliniambia haraka, kwa Kiswahili, ili yeye asielewe, "Nyamaza. Mimi na yeye tumepatana."

Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Kiswahili kilikuwa kimenifungulia mlango tena, ningepita tu. Nilimgeukia yule binti nikasema kwa Kiingereza, lugha yake, kwamba babu yake hakuniomba niandike, kwamba sikumwomba ruhusa, na kwamba baba yake aliponiuliza nilidanganya.

Aliendelea kumenya chungwa.

"Najua," akasema.

Alieleza bila kunitazama. Miezi ya kwanza aliamini, na alimchukia babu yake kweli. Halafu akatafuta ile dibaji na kuitafsiri kwa simu, na siku moja akaja kumuuliza: katika Kiswahili, kwa osu, ulichagua neno gani? Mwalimu akamjibu amesahau. "Babu yangu hajawahi kusahau neno," akasema. Hakumsukuma. Alimwacha na uongo wake kwa kuwa aliona ni wa heshima. "Nilitaka kuona kama wewe utakuja."

Kisha alifuta mikono, akafungua droo ya kando ya kitanda, akanipa kitabu. Nilikijua, nilikitia sahihi mwenyewe. Nikafungua dibaji. Ghorofa ilikuwepo, hajaigusa. Mji wa kusini, hajaugusa. Mama yake, mto, dawati, vyote safi. Katika kurasa zote tatu kalamu nyekundu ilikuwa imezungushia maneno mawili tu, "yaani mtumwa", na pembeni, kwa ule mwandiko wa kuegemea kulia, ameandika: Rudia.

Nilimtazama. Alikuwa anatafuna kola yangu mbaya, macho amefumba, na kama aliniona hakutaka nijue.

Theluji ilipoyeyuka mwaka huo alifariki. Mjukuu wake hajaniambia kwamba amenisamehe, wala sijamuuliza. Ila haya yote nimemsomea kwa simu kabla hayajaenda popote, mstari kwa mstari, naligeuza kila neno kwa Kiingereza. Yeye ndiye aliyefuta ghorofa na mji. Nilipofika kwenye lile neno alinisimamisha, akaniuliza safari hii nimelitafsirije.

Nikamwambia sijalitafsiri.